Kitengo cha Vitenzi vya Kutimiza Ahadi

Kwa furaha kubwa, na baada ya kupata vibali vyote vinavyomruhusu mtumishi kuwa na furaha saa za kazi, Kitengo cha Vitenzi vya Kutimiza Ahadi kinapenda kuutangazia umma kwamba katika miaka tisa ya uhai wake hakijapoteza kitenzi hata kimoja. Vyote vipo. Vimeorodheshwa, vimepigwa mhuri, na vile vikali vimefungiwa kwenye kabati la chuma. Ufunguo ninao mimi, Mkuu wa Kitengo.

Nalazimika kusema haya kwa sababu mtaani kuna maneno. Watu wanadai kwamba Mheshimiwa Waziri alionekana akipanda kilima na ndoo kichwani, suti imemlowa mpaka soksi, na kwamba waliomfikisha hapo ni sisi watafsiri. Naomba nieleze mambo yalivyokuwa, ili kila mwenye akili timamu aone kwamba hakuna aliyekosea na kwamba mwongozo ulifuatwa.

Kwanza kazi yetu. Wizara hutoa ahadi, na ahadi hizo husomwa na watu wa namna mbili: wananchi, wanaosoma kwa lugha yetu, na wageni wa nje, wanaosoma kwa yao. Asiyejua kazi hii atadhani kutafsiri ni kutoa neno huku na kuliweka kule, kama mtu anayehamisha viti. Thubutu! Kitenzi kina uzito, na uzito lazima upimwe. Tunazo ngazi saba. Ya chini kabisa ni "kulifikiria suala". Ya tatu ni "kulifanyia kazi". Ya nne, "kuwa mbioni". Ya sita, "kutekeleza", na humo ndimo tunamoweka pia vitenzi vya jasho, kama kuchimba na kubeba. Ya saba ni "kutimiza" yenyewe, ambayo hukaa kabatini na haitoki bila fomu yenye sahihi tatu.

Mwongozo ni mwepesi kukariri. Kitenzi kinachokwenda nje hupandishwa ngazi tatu, kwa kuwa wageni hupenda kusikia kazi imekwisha. Kitenzi kinachoingia kutoka nje hushushwa ngazi tatu, kwa kuwa viongozi wetu wana presha. Basi Mheshimiwa akiwaambia wananchi kwamba maji ya zahanati yako mbioni, wageni husoma kwamba yametimizwa. Kila mtu analala usingizi mnono. Wahenga walisema ahadi ni deni, na sisi tuliwahi kuandaa barua ya kuomba ufafanuzi wa kauli hiyo, ila anuani ya wahenga haikupatikana.

Nimetaja maji ya zahanati. Zahanati yenyewe iko juu ya kilima nyuma ya Wizara, ukipanda ngazi za saruji mia moja na kumi na mbili. Bomba liliishia chini, karibu na ukuta wetu, na huko juu wodi ya wazazi ina sinki tatu nzuri sana ambazo hazijawahi kulowa. Kwa hiyo mama anayekwenda kujifungua hutakiwa kufika na madumu yake mawili ya maji. Hana madumu, anaazimwa na aliyejifungua kabla yake, kama yamebaki.

Kila mwisho wa mwezi Mkunga wa zahanati hiyo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora, alikuwa akiteremka kuja kwenye benchi letu.

"Maji, Mkuu," husema, kabla hata ya salamu.

"Yako mbioni, Mama."

"Mwaka wa tisa huu. Hizo mbio zinaelekea wapi?"

Nilikuwa namwandikia kikaratasi cha kuthibitisha kwamba ameambiwa. Nasikia anavyo vingi, na kwamba huvitumia kuwashia jiko.

Sasa, mimi nina mdogo wangu wa tumbo moja, anaishi katikati ya kilima hicho. Mumewe ni dereva wa lori na mara nyingi yuko safarini. Mwezi ule alikuwa na mimba ya miezi minane, tumbo limemtangulia. Alikuja ofisini, akakataa kiti kwa kuwa alihofia kutoinuka tena.

"Kaka, madumu yangu nani atanipandishia?"

"Mgongo wangu unaujua, mdogo wangu. Hata Wizara inautambua. Lakini usihofu, maji yako mbioni."

"Yako mbioni tangu sijaolewa."

"Si ndiyo ujue yana pumzi!"

Hakucheka. "Kaka, mwezi jana jirani yangu alijifungua bila maji. Homa ilimkamata wiki mbili, tukadhani anakwenda. Mimi naogopa. Na huyu mtoto hajui mchakato. Akitaka kutoka, atatoka."

Nikamshauri, kama ndugu, amwombe asubiri robo ya kwanza ya mwaka ujao. Akaondoka akishikilia ukuta. Nakiri kwamba hata mimi niliogopa. Lakini kwa kuwa hofu haimo katika orodha ya majukumu yangu, niliagiza chai.

Wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka nje. Jumuiya ya Kimataifa ya Watimiza Ahadi ilikuwa imesoma taarifa zetu kwa miaka tisa na kustaajabu. Hakuna nchi duniani, ilisema barua, iliyotimiza mambo mengi kwa muda mfupi kama yetu. Hivyo Mheshimiwa Waziri ameteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Mkutano Mkuu wa Jumuiya, utakaofanyika nje baada ya miezi miwili, na hotuba yake ya ufunguzi itakuwa na mada, "Kusema na Kutenda."

Mheshimiwa aliisoma barua mara nne, mbili kati ya hizo akiwa amesimama juu ya kiti. Siku mbili baadaye picha yake ilikuwa kwenye kila nguzo ya taa. Redio ilitangaza. Fundi wa suti akaitwa. Hata shemeji zake waliokuwa hawaongei naye walianza kumpigia kumuuliza hali ya mafua yake ya mwaka juzi.

Kulikuwa na sharti moja dogo. Kabla ya kukalia kiti, mwenyekiti mteule hutimiza ahadi moja ndani ya siku thelathini. Ahadi huchaguliwa na wale walioahidiwa, na adhabu ya kuchelewa huchaguliwa na haohao. Jumuiya ikamtuma mjumbe kusimamia: mama mrefu, mkimya, asiyejua neno la lugha yetu, mwenye daftari kubwa jeusi. Sisi tukamwita Mama wa Daftari.

Mheshimiwa alipendekeza apelekwe kwenye ukumbi mpya wa mikutano. Mama wa Daftari akafungua taarifa zetu, akaonyesha kwa kidole. Maji ya zahanati ya kilimani yalikuwa yametimizwa mara tisa, mara moja kila mwaka, na yeye alitaka kuanza pale penye mafanikio makubwa zaidi.

Hapo ndipo anapoingia Bi Kamusi. Huyu ni mtafsiri wetu mkongwe, amebakiza mwaka mmoja astaafu, miwani imefungwa kwa uzi, na hana makuu. Kwa sababu ya ule mgongo wangu, alipanda kilima na mgeni peke yake. Yaliyotokea huko nilikuja kuyasikia kwake baadaye.

"Mgeni aliuliza bomba liko wapi," alinieleza. "Mkunga akamwonyesha sinki. Akafungulia bomba la kwanza, akatoka buibui. Kisha Mkunga akazungumza kama nusu saa hivi, ahadi na adhabu, mimi nikatafsiri."

"Ulipandisha ngazi tatu?"

"Hapana, Mkuu. Mwongozo unahusu maneno ya Wizara. Yule ni Mkunga, na maneno yake hayana ngazi. Niliyapeleka kama yalivyotoka."

"Na mgeni alifanya nini?"

"Aliandika. Akaomba kikaratasi kimoja cha kwako, akakibandika kwenye daftari."

Nililiona hilo kuwa heshima kwa Kitengo.

Mkataba ulikuja baada ya siku tatu, kurasa mbili, kwa lugha ya wageni. Bi Kamusi akaufanyia kazi asubuhi nzima. Nilihakiki tafsiri yake kwa rula na jedwali, na nasema bila kusita kwamba haijapata kutoka kazi safi kama ile. Kila kitenzi kilikuwa kimeshushwa ngazi tatu kamili. Nikamsomea Mheshimiwa mbele ya wageni waalikwa, kamera zinawaka.

"'Waziri atakuwa mbioni kuhusu maji ya wodi ya wazazi ndani ya siku thelathini. Endapo muda utapita, Waziri binafsi atalifanyia kazi suala la ndoo thelathini kwa siku.'"

Mheshimiwa akaniinamia sikioni. "Suala la ndoo ndilo lipi?"

"Nadhani ni vifaa, Mheshimiwa."

"Aa, ndoo tu? Hata mia nitawapa." Akasaini nakala zote, akimwaga sahihi zake zile zenye mikia. Makofi yalirindima.

Siku thelathini zilitumika ipasavyo. Iliundwa kamati ya kumtafuta mwenyekiti wa kamati. Fulana zilichapishwa. Ulifanyika uzinduzi wa kaulimbiu, ukafuatiwa na uzinduzi wa nembo ya kaulimbiu, na Mhandisi wa Maji alisafiri mikoa miwili kwenda kujifunza namna wenzetu wanavyofungua bomba. Mdogo wangu alinipigia simu mara tano. Mara ya tano hakusema kitu, alipumua tu, nami nikamwambia mtandao ni mbaya.

Siku ya thelathini na moja, saa mbili asubuhi, Mama wa Daftari aliingia ofisini kwa Waziri akiwa na ndoo ya plastiki ya rangi ya njano na ngata ya kitambaa, mpya, imekunjwa vizuri. Akaviweka juu ya meza, kando ya bendera ndogo.

Tuliitwa mbio.

"Hii ni nini?" Mheshimiwa aliuliza. "Zawadi?"

Bi Kamusi akamuuliza mgeni, akasikiliza, akarekebisha miwani. "Anasema leo ni ndoo thelathini, Mheshimiwa. Maji yako bombani pale chini. Anasema ngata ameileta yeye kwa sababu mara ya kwanza kichwa huuma."

"Nani abebe?"

"Wewe."

 Mheshimiwa akanigeukia, macho yamemtoka.

"Wewe uliniambia suala la ndoo!"

"Ndivyo ilivyotafsiriwa, Mheshimiwa," akadakia Bi Kamusi. " Kwenye nakala yao ni 'atabeba mwenyewe, kichwani au mkononi, mpaka bomba litoe maji.' Kubeba ni ngazi ya sita. Toa tatu, inakuwa kulifanyia kazi. Hesabu haina kosa."

"Kwa nini hukuniambia ilivyo?"

Bi Kamusi akafungua mkoba, akatoa Mwongozo wa Kitengo. "Ukurasa wa nne, Mheshimiwa. 'Kiongozi asishtuliwe.' Sahihi hii hapa ni yako."

Mheshimiwa aliitazama ile mikia ya sahihi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akasema dereva wake atabeba. Mgeni akatikisa kichwa. Akasema lori la maji litaletwa. Bi Kamusi akamkumbusha zile ngazi mia moja na kumi na mbili, ambazo lori halijui kuzipanda. Akasema mkataba utafsiriwe upya, haraka, kwa vitenzi laini.

"Tunaweza, Mheshimiwa," nikasema. "Ila unaotambuliwa ni ule wao, na lugha yao haina ngazi. Wana kutimiza na kutotimiza, basi. Ni lugha ya watu wagumu."

Akasogea dirishani. Kwenye nguzo ya taa iliyo mkabala, picha yake ilikuwa ikimtabasamia, na chini yake maandishi: MWENYEKITI WETU, FAHARI YETU. Kukikataa kiti kungekuwa kuvuliwa nguo sokoni. Akavua koti, akaninyooshea.

Nimefanya kazi serikalini miaka ishirini na mbili, na sijaona shughuli iliyohudhuriwa vile bila posho. Ndoo ya kwanza ilifika juu nusu. Ya pili ilifika robo, maana yaliyobaki aliyavaa. Akina mama waliokuwa wakipanda na madumu yao walimpa ushauri wa kitaalamu.

"Mheshimiwa, ngata imekaa upande!"

"Usiangalie chini! Angalia mbele, shingo ikaze!"

"Mwache, bado yuko mbioni!" akasema mmoja, na ngazi nzima ikaangua kicheko.

Mama wa Daftari alikuwa amekaa juu kwenye kigoda, akiweka alama moja kwa kila ndoo. Nusu ndoo hakuihesabu. Ya thelathini iliingia saa kumi na mbili jioni, na Mheshimiwa akateremshwa na walinzi wawili.

Siku ya pili alimwita Mhandisi wa Maji, akiwa amelala kifudifudi kwenye sofa la ofisi, anakandwa mabega.

"Bomba!" alisema ndani ya mto.

"Mheshimiwa, suala hilo tunaliangalia kwa jicho la pekee. Upembuzi yakinifu ukikamilika…"

"Unanipembua mimi? Unajua ndoo ni kilo ngapi?"

"Takwimu hizo bado hatujazikusanya, Mheshimiwa, lakini mchakato…"

Aliinuka na kumrushia ndoo. Kwa bahati nzuri ilikuwa tupu. Kisha akaniamuru nifungue kabati la chuma na kuleta kadi ya ngazi ya saba. Niliileta na fomu yake. Akasaini sehemu zote tatu, hata zile zisizokuwa zake, na alfajiri yake vijana wenye sururu walikuwa kilimani. Kazi iliyokuwa mbioni kwa miaka tisa iliishia kuchukua siku tisa, na hapo siku mbili zilipotea kwa kumtafuta mtu mwenye ufunguo wa stoo ya mabomba.

Lakini mtoto wa mdogo wangu hakusubiri siku ya tisa. Ilikuwa siku ya saba, saa tisa alasiri, mtaro umefika nusu ya kilima, simu yangu ilipolia.

"Kaka," akasema. "Imeanza. Niko wodini. Sina hata dumu moja."

Safari hii mtandao ulikuwa mzuri. Sikumbuki kuagiza gari wala kujaza fomu ya kutoka. Nakumbuka nimeshika madumu mawili pale bombani, na nakumbuka kwamba mgongo haukusema kitu mpaka ngazi ya hamsini. Hapo niliteleza, dumu moja likaniponyoka na kwenda zake, likiruka ngazi moja hadi nyingine mpaka barabarani. Nilifika juu na lililobaki, roho mkononi, nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikuyapima.

Mlangoni nilimkuta Mheshimiwa na ndoo yake ya kumi na mbili. Alikuwa ameitua chini, kwa kuwa waandishi wa habari walikuwa wamefika, na msaidizi wake alikuwa akimpangusa uso.

"Ndugu waandishi," alikuwa anaanza, "uongozi ni kujishusha. Mimi, kwa hiari yangu…"

Mlango wa wodi ukafunguka kwa kishindo. Mkunga alitoa kichwa, mikono imeinuliwa juu.

"Wewe wa ndoo! Maji!"

Msaidizi akasonga mbele. "Mama, unamjua unayezungumza naye?"

"Namjua. Ni wa ndoo. Na aliyelala humu ndani anatokwa na damu, sina cha kunawia. Mtahutubia au mtaleta?"

Nilimpita msaidizi na dumu langu, nikamkabidhi Mkunga. Lilikwisha kwa dakika moja. Ndoo ya Mheshimiwa ikafuata. "Nyingine!" Mkunga akafoka, na Waziri, nashuhudia kwa macho yangu, aliacha kamera zikimulika ukuta mtupu akateremka zile ngazi mbilimbili, tai imerukia mgongoni. Alirudi na ndoo imejaa hadi ukingoni. Hakumwaga hata tone. Akarudi tena, akaleta ya kumi na nne, akaanguka kwenye kizingiti akihema, na wakati huohuo ndani kukasikika kilio chembamba, cha hasira, kisichojali itifaki.

Nililia. Siwezi kulishusha ngazi tatu hilo, nililia kama mtoto, na Bi Kamusi aliyekuwa amekaa na mgeni akanipa leso yake.

Mkunga akatoka akijifuta mikono. "Msichana. Mama yake yuko salama, damu imekata." Kisha akanitazama. "Anasema mjomba aingie, lakini mjomba anawe kwanza."

Mheshimiwa aliinuka taratibu, akarudisha tai mahali pake. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye zile nguzo za taa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mama," akasema, "nadhani leo nimetimiza."

Mkunga akamgeukia Mama wa Daftari, akamwonyesha vidole kuuliza. Mama wa Daftari akahesabu alama zake mara mbili, akaandika tarakimu kwenye kona ya ukurasa, akaikata na kumpa.

"Bado kumi na sita," Mkunga akasema. "Na kitanda cha pili uchungu umeshaanza."

Mheshimiwa akanitazama mimi. Miaka tisa alikuwa akinitazama hivyo kila neno lilipomlemea, na kila mara nilimpatia jingine.

"Mkuu," akanong'ona, "hakuna namna nyingine ya kulisema hilo?"

"Hakuna, Mheshimiwa."

Waandishi walikuwa wameshafunga kamera zao na kuondoka. Akaokota ngata, akaikung'uta, akaiweka kichwani mwenyewe, safari hii imekaa sawasawa, akateremka na ndoo yake.